Nukta si Kifungo

Wananchi wote mnaombwa kusimama wima. Vueni kofia. Wenye kutafuna, mezeni. Habari itakayosomwa hapa inahusu jambo zito lililoitikisa familia moja mpaka kwenye msingi wa nyumba.

Jambo lenyewe ni nukta. Nukta moja nyekundu, ndogo kuliko punje ya sukari. Haya, mnaweza kukaa.

Familia ilikuwa ya kawaida kabisa. Mke alikuwa fundi wa nguo, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Mume alikuwa mwoka mikate. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani, meza ya kukatia, pasi, na kioo kirefu ambacho wateja walijitazamia huku wamebana tumbo ndani. Mume alirudi kutoka kazini asubuhi, nyusi zimejaa unga, akaenda kulala wakati mkewe anaanza kushona. Walipendana. Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu: mke alitaka dirisha wazi apate mwanga, mume alitaka lifungwe apate usingizi.

Kila Jumamosi mchana Fundi alifunga duka akaenda klabu ya shabaha. Alikuwa na kibali halali cha bastola ndogo ya mashindano. Bastola yenyewe haikufika nyumbani hata siku moja. Ilikaa kwenye kabati la chuma la klabu, chini ya kufuli. Fundi aliupenda mchezo ule kuliko alivyosema mbele za watu. Pale uwanjani hakuna aliyemuuliza suruali yake itakuwa tayari lini. Na alikuwa mmoja wa watu wanne wa timu.

Kisha macho yakaanza vituko.

Kwanza tundu la sindano lilianza kumkimbia. Akawa ananyoosha mkono mbali, anarudisha kichwa nyuma, anakunja uso kama mtu anayesoma deni la jirani. Halafu uwanjani mambo yakaharibika. Bastola yake ilikuwa na vilengeo vya kawaida vya chuma: nyuma kibao chenye mfuo, mbele kijiti. Mpiga shabaha hupanga mfuo, kijiti na shabaha katika mstari mmoja. Lakini Fundi alipokiona kijiti vizuri, shabaha ilififia. Alipoiona shabaha, kijiti kiliota ukungu.

Jumamosi moja alivuta karatasi yake kuitazama. Matundu yalikuwa yametawanyika kama kuku walioona mwewe.

Mwenzake wa timu, nesi mmoja mwenye mdomo mrefu, alichungulia.

"Fundi, hii ni shabaha au umetengeneza chujio la chai?"

"Chai utakunywa wewe," alijibu Fundi, lakini hakucheka.

Jioni alimwambia mumewe. "Wanachagua timu mwishoni mwa mwezi. Nikikosa nafasi, naacha. Sitaki kuwa mtu wa kupiga makofi benchi."

Mume aliketi kitandani. "Mke wangu, ukiacha, Jumamosi utakuwa hapa?"

"Nitakuwa hapa."

"Na dirisha?"

"Litakuwa wazi."

"Basi lazima tutafute dawa," alisema mume, na usingizi wote ukamtoka.

Dawa waliipata kwa msimamizi wa uwanja. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kengele. Kabla ya mtu yeyote kupiga risasi alipaza sauti, "Masikio!" ili kila mmoja avae vizibo vya masikio. Kwa hiyo wakamwita Bi Masikio, naye akaitika.

"Dada yangu," alimwambia Fundi, "hayo ni macho ya umri. Si jambo la aibu. Jaribu kilengeo cha nukta nyekundu. Ni kioo kidogo kinachofungwa juu ya bastola. Ndani yake taa ndogo inachora nukta kwenye kioo. Huna haja ya kupanga mfuo na kijiti tena. Unatazama shabaha, nukta inakaa juu yake, basi."

"Kinakuza picha kama darubini?"

"Hakikuzi chochote. Kinakupunguzia vitu vya kutazama. Na daraja lako la mashindano linakiruhusu, nimehakikisha. Madaraja mengine hayaruhusu. Mtu husoma kanuni kwanza, ndipo anunue."

Wakaenda wote watatu dukani. Mume akasimama mbele ya kabati la kioo, akaonyesha kidude kikubwa kama mkate wa familia.

"Chukua hiki! Kina heshima."

"Hicho ni cha bunduki ndefu, shemeji," alisema Bi Masikio. "Ukikiweka kwenye bastola ya mkeo, itakuwa mtoto kavaa koti la babu. Tunataka kidogo, chepesi. Na kwanza tutazame miguu yake. Kila kilengeo kina mpangilio wake wa matundu ya skrubu. Lazima yalingane na kitako kinachofungwa juu ya bastola."

Muuzaji akaleta viwili vilivyolingana. Kimoja kilikuwa na nukta kubwa, kingine na nukta ndogo.

"Kubwa inaonekana haraka," alieleza Bi Masikio. "Inawafaa wanaopiga mbio mbio, shabaha hii na ile. Lakini wewe unapiga taratibu kwenye karatasi. Nukta kubwa itakufunika katikati ya shabaha yote."

"Basi ndogo," alisema Fundi.

"Sasa betri. Hiki unabadilisha betri kutoka ubavuni. Hiki kingine lazima ukifungue kutoka kwenye bastola, na ukikirudisha uanze kukirekebisha upya. Unataka kipi?"

"Dada, mimi nabadilisha bobini ya cherehani mara ngapi kwa siku? Nipe cha ubavuni."

Bahati nzuri, cha nukta ndogo ndicho kilichokuwa cha ubavuni. Pia taa yake ilikuwa na ngazi nyingi, kutoka hafifu mpaka kali, nayo ilikuwa imefungiwa katikati ya vioo viwili. "Wewe unatembea na vumbi la nyuzi mwili mzima," alisema Bi Masikio. "Uzi mmoja ukiangukia taa iliyo wazi, nukta inaota ndevu."

Kwenye uwanja Bi Masikio alianza na usalama. Alitoa risasi zote, akafungua bastola, akatazama ndani, akamfanya Fundi naye atazame, kisha akamfanya mume atazame ingawa mume hakujua anatazama nini. Ndipo wakafunga kilengeo. Skrubu zilipakwa tone la gundi ya kuzuia zisilegee, zikakazwa kwa bisibisi yenye kipimo.

"Ningekaza mpaka ilie," alisema mume.

"Ungeikata, shemeji. Isipokazwa inalegea, ikikazwa mno inakatika. Kipimo kimeandikwa kwenye karatasi ya maelekezo, ile ambayo wanaume huifungia karanga."

Fundi akainua bastola kuelekea shabaha. Akatazama kioo.

Mbele yake hapakuwa na nukta. Palikuwa na kitu kama nyanya iliyoangushwa sakafuni. Tena ina mkia.

Aliona aibu kusema. Akaanza kupiga. Lakini hapo ndipo ufundi wa nguo ulipomponza. Mtu aliyeshona vifungo maisha yake yote hawezi kuvumilia kitu kilichokaa pembeni. Fundi alitaka ile nyanya ikae katikati kabisa ya kioo, kama kifungo katikati ya kola. Akaisogeza kushoto. Ikapita. Akairudisha kulia. Ikazidi. Mkono ukachoka, na risasi ikaenda ilikotaka. Alipoona tundu limekwenda juu, akageuza skrubu ya kushusha. Risasi iliyofuata ikaenda chini. Akageuza ya kupandisha. Akaendelea hivyo, anageuza na kupiga, anapiga na kugeuza, mpaka jasho likamtoka.

Aliposikia amri ya kuacha kupiga, akaweka bastola mezani, tupu na wazi, mdomo wake ukielekea kwenye ukuta wa udongo.

"Kibovu," alisema. "Tukirudishe. Na jina langu mlitoe kwenye timu."

Mume alifungua mdomo atanie, akamwona mkewe usoni, akamsogezea chupa ya maji.

Bi Masikio akavuta kiti. "Kibovu vipi? Niambie unachokiona. Usinifiche."

"Naona nyanya imepasuka."

Bi Masikio hakucheka. Akapunguza ukali wa taa. "Sasa?"

"Nyanya ndogo. Bado imepasuka."

"Shemeji, nipe simu yako." Akasimama nyuma ya bastola, akapiga picha kupitia kile kioo, akamwonyesha Fundi. Kwenye picha nukta ilikuwa ya duara, safi, imetulia.

"Simu haina huruma na mtu," alisema Bi Masikio. "Kama kilengeo kingekuwa kibovu, na simu ingeona nyanya. Kilengeo ni kizima. Jicho lako ndilo lenye mzingo usio sawa. Watu wengi sana wanalo na hawajui. Nenda kwa mpimaji wa macho, mweleze hivi hivi."

"Ina maana nimepofuka?"

"Ina maana utavaa miwani, mama. Hata mimi ninayo, tena nikiitafuta inakuwa kichwani."

Mpimaji wa macho alimweleza kitu kile kile, kwa utulivu zaidi na kwa vidude vingi zaidi. Miwani ikatengenezwa. Fundi alipoivaa, aliitazama kazi yake ya wiki nzima na kusema, "Mungu wangu, nani kashona hii?"

Jumamosi iliyofuata aliinua bastola na nukta ikamjia ya duara. Karibu apige kelele. Lakini mara akaanza tena kuisogeza katikati ya kioo.

"Unafanya nini?" aliuliza Bi Masikio.

"Naiweka katikati."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu iko pembeni!"

"Fundi, nukta si kifungo. Iache. Kwa umbali huu, ikiwa juu ya shabaha, hata ikikaa kwenye kona ya kioo, risasi itakwenda karibu na pale pale. Tazama shabaha, usitazame nukta. Fungua macho yote mawili. Shika bastola vile vile kila mara, bonyeza kifyatulio polepole."

"Na nukta ikipotea?"

"Usiitafute kwa kuzungusha bastola kama mtu anayetafuta mtandao. Mara nyingi mdomo wa bastola umeinuka mno. Ishushe kidogo, nukta itateremka yenyewe. Fanya mazoezi ya kuinua ikiwa tupu, hapa hapa nikikuona, mpaka mikono ijue njia."

Fundi akafanya. Kuinua, kushusha. Kuinua, kushusha. Kuacha kitu kikae pembeni kulimuuma kuliko kubeba bastola. Lakini akaacha.

Kisha akaanza kupiga risasi chache kwa kuegemea mfuko wa mchanga. Mkono wake ukaenda kwenye skrubu baada ya risasi ya kwanza tu, na Bi Masikio akaudaka.

"Subiri zote. Risasi moja inaweza kuwa kosa la mkono. Tazama fungu zima, tafuta katikati ya fungu, ndipo urekebishe."

Zilipokwisha, zilikuwa zimekusanyika pamoja, chini kidogo, kushoto. Fundi akageuka taratibu. "Kama mkazo wa uzi," alisema. "Huwezi kuugeuza kila baada ya mshono mmoja. Unashona kipande cha kitambaa chakavu, unakitazama, ndipo unagusa."

"Nilijua unajua."

"Yaani nimefanya upuuzi ule ule ninaowagombeza wateja wanaojishonea nyumbani!"

Akageuza mara moja, akapiga fungu jingine, akageuza kidogo tena. Fungu la tatu lilikaa katikati ya karatasi, matundu yamegusana. Nesi alikuja kuchungulia. Akatazama muda mrefu.

"Chujio limezibwa," alisema, akaondoka.

Ikafika siku ya kuchagua timu. Asubuhi Fundi alikagua skrubu, akafuta kioo kwa kitambaa laini, akaweka betri mpya, akachagua mwanga hafifu wa kumtosha. "Masikio!" akapaza Bi Masikio. Fundi akainua mikono. Nukta ilikuja kwenye kona ya kioo. Akaiacha huko huko, akapiga.

Lo! Msione ajabu. Aliwaacha wenzake wote nyuma. Akawa wa kwanza bila mpinzani. Nesi alilia machozi. Umati ulimbeba Fundi juu juu kuzunguka uwanja, na mume akatupa unga hewani kwa furaha, na

Tunaomba radhi. Msimulizi amekamatwa. Fundi amesimama nyuma ya kiti hiki, futi ya kupimia shingoni, miwani puani, na anasoma kila kitu. Miwani hiyo ni nzuri kupita kiasi.

"Mimi nilibebwa lini?" anauliza.

Msimulizi anakiri kwamba hakuna aliyebebwa. Umati ulikuwa watu saba na mmoja wao alikuja kusoma mita ya umeme. Nesi hakulia, alikuwa wa kwanza yeye, na amelitangaza jambo hilo mtaa mzima. Mume alikuwa amesinzia kwenye benchi.

"Na mimi nilikuwa wa ngapi?"

Wa nne.

"Timu inachukua watu wangapi?"

Wanne.

"Basi andika hivyo," anasema Fundi. "Wa nne. Halafu uandike kwamba nilifurahi mpaka nikamkumbatia msoma mita."

Alikuwa wa nne. Alifurahi. Na hilo la msoma mita, msimulizi aliliona kwa macho yake mwenyewe.