Mgeni wa Chumba Namba Saba

Foleni ya kuongeza mkataba ilianzia mlangoni mwa ofisi ikashuka ngazi hadi uani, wapangaji wa zamani na waombaji wapya wakisukumana. Fundi cherehani, ndani ya gauni la zambarau alilojishonea mwenyewe, alikuwa akijipepea kwa fomu wakati binti aliyekuwa mbele yake alipogeuka.

"Dada, wewe unaomba kipi? Mimi nilionyeshwa namba saba jana. Kile chenye pazia la kijani, cherehani dirishani."

Fundi aliacha kujipepea. Namba saba ni chumba chake, na cherehani ile ndiyo inayomlisha.

Hakungoja zamu. Aliwapita wote akaingia ofisini. Msimamizi wa nyumba alikuwa mezani, shati jeupe limenyooka kwa pasi aliyoipiga fundi mwenyewe alfajiri. Miaka miwili iliyopita, kwenye meza hiyo hiyo, kijana huyu alikikagua kitambulisho cha fundi mara tatu ili apate kuomba namba ya simu.

"Jana ulimwonyesha mtu chumba changu, jioni ukaja kula kwangu?"

"Mpenzi, punguza sauti. Shangazi yuko chumba cha pili."

"Usiniite mpenzi! Nimekupigia mara sita hupokei. Lete faili langu."

Alilivuta mwenyewe. Kelele: hana. Usafi: mzuri. Chini kabisa, kwa mwandiko anaoujua vizuri: *Hulaza mgeni asiyejulikana. Asiongezewe mkataba.*

"Asiyejulikana?" Alicheka kwa uchungu. "Mgeni gani huyo, mwenye mswaki kwangu?"

"Shangazi aliona viatu vya kiume mlangoni kwako, akaniuliza ni vya nani. Niliogopa, nikasema sijui. Akaniamuru niandike."

"Viatu hivyo ulivyovaa?"

Kijana akaivuta miguu chini ya meza. Fundi alimchukia, tena alimchukia kweli, kuanzia ile kola hadi soli.

Mlango wa pili ukafunguka. Mama mwenye nyumba, shangazi yake msimamizi, alisimama, miwani puani. "Makelele ya nini? Binti, mimi nataka kujua jambo moja tu. Mgeni wako ni nani?"

"Mwulize aliyeandika."

Msimamizi akashika kalamu, akalikata lile neno *asiyejulikana*, akaandika juu yake: *mchumba*.

"Ni mimi, shangazi. Viatu ni vyangu. Mimi ni mchumba wake."

Shangazi alivitazama viatu, kisha uso. "Kumbe mwongo namlisha mwenyewe." Akauvuta mkataba, akausaini. "Mpangaji abaki. Wewe nitakuona baadaye."

"Mchumba?" Fundi aliukunja mkataba wake taratibu. "Nani amekukubali? Futa. Andika mwombaji."

"Mpenzi, nisamehe..."

"Na foleni inaanzia uani."

Watu walishangaa kumwona msimamizi mwenyewe akishuka ngazi na fomu tupu, akasimama nyuma ya wote. Fundi alimpita bila kumtupia jicho. Alipofika namba saba aliuchukua ule mswaki autupe. Akasimama nao kitambo, akaurudisha kikombeni.