Maziwa ya Mama Obedi

Kila asubuhi Ruthu alifagia vumbi. Alifagia sebule, akafagia chumba, akafagia kizingiti. Akiweka ufagio chini, upepo wa Agosti unapita chini ya mlango na vumbi jingine.

"Haya, karibu," Ruthu aliuambia upepo. "Nyumba ni yako, mimi mpangaji tu."

Ruthu alikuwa mke wa Mchungaji Henry. Kwao ni Vihiga, nchini Kenya, kule mvua hunyesha karibu kila alasiri na migomba imesogea hadi mlangoni. Kanisa lao liliwatuma Tanzania kufanya kazi ya Injili katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka Buigiri. Walikuja na binti yao Kageha, mwenye miaka sita. Huu ulikuwa mwezi wa saba tangu wafike.

Kageha alizoea haraka. Watoto bwana! Alikuwa akisalimia wazee kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", nao wanacheka mpaka wanashika mbavu. Henry naye alizoea. Mchana alizunguka vitongojini, na jioni yeye na Ruthu waliwafundisha watu wazima kusoma na kuandika kanisani. Wanafunzi walifika arobaini.

Aliyeshindwa kuzoea ni Ruthu. Aliikumbuka mvua. Alimkumbuka mama yake. Siku moja jirani alimpikia ugali wa uwele kwa mlenda. Ruthu akaonja tonge moja, machozi yakamtoka. Mboga ile ilifanana na ya mama yake! Jamani, mtu mzima kulizwa na mlenda!

Jirani huyo aliitwa Tereza, lakini kijiji kizima kilimwita Mama Obedi. Alikuwa mama wa makamo, mwenye ng'ombe wanne, mbuzi wengi, na mdomo usiochoka. Aliyaona machozi ya mgeni wake, na roho ikamuuma. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alileta maziwa kwenye kibuyu, yametoka kukamuliwa, bado yana joto la ng'ombe.

"Kunywa, Mama Kageha," alisema. "Mwenye majonzi chakula hakipiti. Maziwa yanapita."

Kisha alisimama, mikono kiunoni, mpaka kikombe kiishe.

Kwao Ruthu, maziwa huchemshwa. Hakuna anayejiuliza. Lakini hapa alipewa kikombe kwa mikono miwili na mtu anayempenda. Utaanzaje kukimimina kwenye sufuria mbele yake? Nyumbani kwa Mama Obedi, kuchemsha maziwa uliyopewa ni kama kumwambia mtu kwamba ng'ombe wake ni mchafu. Basi Ruthu alikunywa. Henry hakunywa, kwa sababu tumbo lake na maziwa havipatani tangu utoto. Kageha alionja mara moja, akasema yananuka moshi, akakimbia.

Mwezi wa Juni homa ilianza. Ilimpanda Ruthu jioni. Alfajiri aliamka shuka limelowa jasho, na mwili umepoa. Siku tatu mzima, siku nne mgonjwa. Mgongo uliuma. Magoti yaliuma. Alipimwa malaria mara mbili, haikuonekana.

"Ni kukumbuka nyumbani," Henry alisema kwa upole.

Ruthu mwenyewe aliamini hivyo, na aliona aibu. Wenzake waliomtangulia katika kazi hii walivuka mito na misitu. Yeye anaangushwa na hamu ya kwao? Akawa anaficha homa. Akiulizwa, anasema, "Sijambo." Mama yake alimwambia kwenye simu, "Rudi, mwanangu. Kazi ya Mungu hata huku ipo."

Mwishoni mwa Agosti viongozi wa kanisa lao waliandika ujumbe. Kama Ruthu hapati nafuu ndani ya miezi miwili, familia irudi Kenya.

Henry aliusoma ujumbe mara mbili. "Tutarudi," alisema. Kisha alitoka nje akaanza kufuta pikipiki ambayo ilikuwa safi tayari.

Ruthu alimtazama kupitia dirishani. Alikuwa na hamu ya kwenda kwao, Mungu anajua. Usingizini alisikia mvua ikipiga mabati ya mama yake. Lakini aliwaza: nataka kwenda kwetu kwa miguu yangu. Sitaki kubebwa kama mzigo, huku nyuma nimeacha watu arobaini na herufi nusu.

Kesho yake alikwenda zahanati, peke yake, polepole.

Tabibu wa zahanati aliitwa Nasra, Mrangi kutoka Kolo. Alimpima joto. Kipimo kilisoma thelathini na tisa.

"Mama Mchungaji, unajisikiaje?"

"Ni mawazo tu, dokta. Nakumbuka nyumbani."

Nasra aliweka kipimo mezani. "Hata mimi nakumbuka nyumbani. Nikiiwaza milima ya Kolo, nalia kabisa. Lakini Kolo haijawahi kunipandisha joto. Hamu haileti homa, dada yangu. Hii homa ina sababu yake. Jasho unatoka?"

"Sana."

"Viungo?"

"Magoti na mgongo."

"Tangu lini?"

"Juni."

"Mumeo na mtoto je?"

"Wazima."

"Unakula au kunywa nini ambacho wao hawali?"

Ruthu alijua jibu. Lakini angewezaje kulitaja? Katika nchi hii yote alikuwa na rafiki mmoja tu. Akimtaja, atabaki na nani?

"Mama Mchungaji," Nasra alisema, "usiponiambia, natibu gizani."

"Maziwa," Ruthu alisema kwa sauti ndogo. "Maziwa mabichi. Kila siku. Lakini ameniletea kwa upendo!"

"Najua. Mwenye kuleta hajui, na mwenye kunywa hajui." Nasra alivuta kiti karibu. "Sikiliza. Kuna ugonjwa wa mifugo unaoitwa brusela. Wengi wanauita ugonjwa wa kutupa mimba, maana ng'ombe au mbuzi akiupata, anaweza kutupa mimba kabla ya wakati. Vijidudu vyake hupita kwenye maziwa. Ng'ombe unamwona amenenepa, kumbe anao. Mtu akinywa maziwa mabichi, naye anaugua. Homa inakuja na kuondoka. Jasho, viungo, uchovu, huzuni. Ndiyo maana watu hudhani ni malaria au mawazo."

"Na mgando je?"

"Mgando wa maziwa mabichi nao ni hatari. Uchachu hauviui vijidudu hivi. Moto ndio unaviua. Chemsha mpaka yaumuke na kutokota. Kisha yapoe, yawe vuguvugu, ndipo utie kijiko cha mgando salama, uyaache yagande. Mgando unapatikana uleule."

Nasra alichukua damu akaituma hospitali mjini. Siku ya tatu majibu yalirudi. Ilikuwa brusela.

"Una ujauzito?" Nasra aliuliza.

"Hapana."

"Vizuri. Kwa mjamzito tungetumia dawa nyingine, na ugonjwa huu huweza kuharibu mimba. Wewe utameza dawa hizi za aina mbili kwa wiki sita. Ukijisikia nafuu wiki ya pili, usiache. Ukiacha, unarudi palepale."

Dawa ilikuwa rahisi kumeza. Kumwambia Mama Obedi, hapo ndipo palikuwa na kazi.

Asubuhi kibuyu kilifika kama kawaida.

"Shikamoo, Mama Obedi."

"Marahaba. Kunywa."

"Mama Obedi, nimepimwa. Nina ugonjwa. Unatoka kwenye maziwa yasiyochemshwa."

Mama Obedi alikitazama kibuyu. "Maziwa yangu?"

"Hukukusudia, mama yangu. Mimi pia sikujua."

"Maziwa yangu yamekuua?" Alichukua kibuyu chake, akajifunga kanga vizuri, akaondoka. Mdomo usiochoka haukusema hata kwaheri.

Siku nne hakuja. Kisimani aligeuza uso. Ruthu alilia kuliko siku ya mlenda. Homa ilikuwa inapungua, lakini moyo wake ulikuwa mzito. Sasa yuko ugenini kweli, aliwaza.

Siku ya tano alijitwika sufuria kichwani akaenda kwa Mama Obedi. Alimkuta zizini amemaliza kukamua. Mama Obedi alijaribu kusimama. Alishika nguzo, akakunja uso, akasimama kwa taabu.

"Magoti?" Ruthu aliuliza.

"Uzee," Mama Obedi alijibu bila kumtazama.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana, baada ya kiangazi."

"Na jasho?"

Mama Obedi alifuta paji la uso kwa pembe ya kanga.

"Kuna ng'ombe wako aliyetupa ndama?"

Mama Obedi alimtazama sasa. "Yule mwekundu. Mwaka jana. Nilimvuta ndama kwa mikono yangu hii." Aliitazama mikono yake. "Nani amekuambia?"

"Magoti yako ndiyo yameniambia. Ni yaleyale yangu. Twende kwa Nasra, mama. Twende wote wawili."

Mama Obedi alikaa kwenye kigoda. Kisha akasema jambo lililokuwa likimsumbua. "Bibi yangu alisema, ukichemsha maziwa, chuchu za ng'ombe zinakauka."

"Chemsha leo tuone. Zikikauka, mimi nitakununulia mtamba."

"Wewe? Kwa sadaka za Mchungaji Henry?" Mama Obedi alipasuka kicheko. Ruthu naye alicheka, akaegemea nguzo ileile ya zizi. Ndipo wakaweka sufuria kwenye mafiga.

Kesho yake ng'ombe walitoa maziwa kama jana. Kesho kutwa vilevile. Mama Obedi alipimwa, naye akakutwa na ugonjwa. Wakawa wanakumbushana dawa kila siku, mmoja akipiga kelele kwa mwenzake kupitia ua. Afisa mifugo alikuja akapima mifugo yote. Ng'ombe mwekundu alikutwa na ugonjwa, akaondolewa zizini. Mama Obedi alifundishwa asishike kondo wala ndama aliyetupwa kwa mikono mitupu. Avae glavu, kisha avifukie kwenye shimo refu, mbali na mbwa. Na kila jirani aliyepita alihubiriwa na Mama Obedi habari za kuchemsha, kwa nguvu kuliko mchungaji.

Katikati ya Oktoba wiki sita zilikwisha. Homa haikurudi. Magoti yalipanda ngazi za kanisa bila kulalamika. Henry aliwaandikia viongozi: tunabaki. Safari hii alifuta pikipiki kwa sababu ilikuwa na tope la kisimani.

Jumapili moja alasiri, Ruthu alimpigia mama yake simu. Walisalimiana. Kisha mama yake alisema, "Ngoja nifunge dirisha, mvua imeanza." Ruthu aliisikia mvua ile, ikipiga mabati ya Vihiga, mpaka simu ilipokatika.

Mama Obedi alimkuta kizingitini, uso umelowa. Alishtuka. Aliweka kibuyu chini, akamgusa paji la uso.

"Pamepoa," alisema. "Magoti?"

"Hayaumi."

"Jasho?"

"Hamna."

Mama Obedi alifikiri. "Basi hii siyo ya maziwa."

"Siyo."

"Hii ni mama yako."

"Ni mama yangu," Ruthu alisema.

"Ya namna hii Nasra hana dawa yake. Na mimi sina." Mama Obedi alikaa kizingitini kando yake, akanyoosha miguu. "Wewe lia tu, mwanangu. Mimi nipo, siendi popote."

Ruthu alilia mpaka alipotosheka, na Mama Obedi hakuondoka.