Mabunda ya Mkanda wa Njano

Kila likizo, Kinda alishinda katika karakana ya uchapaji ya shangazi yake, akifunga katalogi za maduka tayari kwa kupelekwa posta. Kazi hiyo usiione hivi hivi. Katalogi huwa nene upande wa mgongo na nyembamba upande wa kufungulia. Ukizipanga zote zikielekea upande mmoja, bunda hulala upande. Kwa hiyo unazipishanisha, chache migongo kulia, chache migongo kushoto, kisha unakaza mikanda miwili ya plastiki. Mashine ya posta haina huruma, bunda legelege hufumukia humo humo na kuikwamisha.

Kinda alifungia mkanda wa njano. Chiriku, binti wa shangazi, alifungia wa buluu, ili ijulikane kazi ya nani. Wasichana hao walilala kitanda kimoja na kuambiana kila siri. Ndiyo maana Chiriku aliposema mkanda wake umekwisha, Kinda alimwachia wa njano wote, akaenda kufagia ghala.

Kesho yake dereva wa posta alirudisha mzigo. Mabunda yalikuwa yamefumuka, mashine imesimama, na msimamizi ameonya kwamba likitokea tena karakana itanyang'anywa kazi hiyo. Mabunda yote mabovu yalikuwa ya njano.

"Kinda, kuanzia leo utafagia tu," shangazi alisema. "Mezani sikutaki."

Kinda alimtazama Chiriku, akisubiri aseme neno. Meza ile ya kufungia ndiyo furaha yake yote ya likizo, na Chiriku alilijua hilo.

"Mimi nilimwambia apishanishe, mama," Chiriku alisema, macho yakiwa kwenye viatu vyake. "Hasikii huyu."

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Kinda alitamani kukimbia akalie chooni, lakini aliinama akaokota bunda lililokuwa bado na mikanda yake.

"Shangazi, mimi natumia mkono wa kushoto," alisema. "Ncha ya mkanda wangu hubaki kushoto. Tazama hizi."

Shangazi aligeuza bunda moja, la pili, la tatu. Ncha zote zilikuwa kulia. Alikwenda upande wa Chiriku, akavuta droo, akatoa mkanda wa buluu uliobaki tele.

Njia ya mwongo ni fupi. Chiriku aliangua kilio, akakiri kwamba alitaka kuwahi mchezoni, akafunga harakaharaka, na kwa kuwa alijua mabunda yatafumuka, akayavika rangi ya mwenzake.

Shangazi alimwomba Kinda radhi mbele ya wafanyakazi wote, akamrudisha mezani. Chiriku alifungua kila bunda na kulifunga upya, kisha akapelekwa posta kumweleza msimamizi ukweli kwa kinywa chake. Mzigo ukapita salama.

Jioni Chiriku alisogea mezani. "Nisamehe, Kinda."

"Nimekusamehe, dada," Kinda alijibu. Lakini aliuvuta mkanda wake wa njano, akauweka mapajani.

Chiriku alimgeukia mama yake, kana kwamba anamshtakia.

"Usinitazame mimi," shangazi alisema. "Bunda likifumuka, tunalifunga siku hiyo hiyo. Mtu aliyekuamini ukimsaliti, utamfanyia haki siku nyingi kabla hajakuachia tena mkanda wake. Anza kesho."

Chiriku hakungoja kesho, akachukua ufagio.