Sauti ya Alhamisi

Tausi alikutana na Salehe sokoni Thika mwaka 1998, akiwa amebeba mita kumi na mbili za kitambaa cha sare za shule. Yeye alikuwa fundi cherehani wa Ruiru, amevaa gauni la kijani alilojishonea na mtandio mweupe, na siku hiyo hakuwa na subira na mtu. Kijana mwenye shati la maua lililompwaya mabegani akamsimamisha mbele ya kibanda cha kanda za muziki. Mkononi alishika daftari.

"Sasa, dada. Swali moja tu."

"Kama unauza kitu, umekosa mteja."

"Siuzi. Natoka Redio Nanasi. Tunaanzisha kipindi cha mayouth, muziki laini peke yake. Wewe unapenda nyimbo gani?"

"Hizo za kubembeleza ni za watu hawana kazi. Ukizisikiliza ukipika, wali unaungua."

Salehe akaandika. Tausi alichungulia daftari akaona ameandika vile vile, wali unaungua, na akacheka. Kucheka kulimponza, kwani kabla hajaondoka alikuwa amempa namba ya simu ya duka la jirani.

Kipindi kikaanza, kila Jumamosi saa tisa mpaka saa kumi na moja. Mkubwa wa kituo alikuwa na masharti yake: nyimbo taratibu, maneno machache, salamu hakuna, na baada ya kila wimbo wa tatu mtangazaji aseme, "Niko hapa nawe, na sina haraka." Vijana wa Thika na Ruiru walipenda. Tausi naye alipenda, ingawa aliyempenda hasa ni mwenye sauti.

"Leo umesema huna haraka mara sita," alimtania kwenye simu.

"Ulikuwa unahesabu, mrembo?"

"Nilikuwa napika. Wali umeungua."

Miezi minane ilipita hivyo. Kisha watu wa Adan, mwenye duka la vyuma, wakaja kumposa Tausi. Mama yake, Bi. Zahra, hakuwa mtu wa kuzungushwa. Alimwambia bintiye, "Huyo wako wa redio nimemsikia vya kutosha. Sasa nataka kumwona. Aje Jumamosi saa kumi, ama niwajibu watu wa Adan."

"Jumamosi saa kumi si una kipindi?" Tausi alimuuliza Salehe.

"Nitakuja. Hiyo ya kipindi usiniulize, tafadhali."

Tausi hakuuliza, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Siku ilipofika pilau ilikuwa tayari, uliwekwa mkeka mpya, na Tausi alivaa gauni la zambarau aliloshona kwa juma zima. Ilipotimia saa tisa na dakika ishirini, redio ya jirani ikafunguliwa kwa nguvu. Sauti ya Salehe ikaingia ndani kabla ya mwenyewe: "Niko hapa nawe, na sina haraka."

Bi. Zahra aliweka sahani chini. "Mgeni wetu yuko kazini," akasema.

Tausi alikwenda mbio kwenye simu ya posta. Aliyepokea ni fundi mitambo, Kiama.

"Nipe Salehe."

"Yuko hewani, dada. Hawezi kuja."

"Mwambie ni Tausi."

"Dada, nakwambia yuko hewani."

Aliporudi, mama alikuwa amepakia pilau kwenye sufuria ya kubebea. Alitia kufuli mlangoni, wakaenda zao kwa dada yake anayekaa mtaa wa Kiuu. Tausi alitembea nyuma yake bila kulia.

Salehe alifika saa kumi kamili, na kilo mbili za sukari na leso mpya, akakuta kufuli. Katika mtaa ule, mchumba anayefungiwa mlango siku ya miadi hahitaji kuambiwa kitu. Akarudi Thika na sukari yake. Hakupiga simu, wala Tausi hakupiga. Kila mmoja alimngoja mwenzake aombe radhi.

Majuma matano yakapita. Bi. Zahra akawapa watu wa Adan miadi ya kuja Jumapili kuchukua jibu, na jibu lilikuwa ndiyo. Siku moja kabla, Jumamosi, Tausi akaenda Thika kununua kitambaa cha gauni la uchumba, la rangi aliyoichagua Adan, ambayo yeye hakuipenda. Ilikuwa saa tisa na robo alipopita kwenye kile kibanda cha kanda. Redio ilikuwa inaimba taratibu. Wimbo ukaisha.

"Niko hapa nawe, na sina haraka."

Tausi aligeuka ili asisikie. Salehe alikuwa amesimama nyuma yake, mdomo umefungwa, kanda mbili mkononi.

Alimtazama. Akaitazama redio. Akamtazama tena.

"Uko wapi saa hii?" akamuuliza.

"Niko hapa."

"Na huyo?"

"Huyo ni wa Alhamisi." Salehe alishusha sauti. "Tunarekodi siku hiyo. Ile siku ya mama yako ndiyo ilikuwa ya kwanza, niliomba ndio nipate kuja. Mkubwa akaipenda, sasa ni kila wiki. Nikatia sahihi nisiambie mtu."

"Kwa hivyo ulikuja?"

"Saa kumi kamili. Nikakuta kufuli."

Tausi akakaa juu ya kreti la soda. "Ulitia sahihi kwao," akasema. "Na mimi ungenificha mpaka lini?"

Salehe alizigeuzageuza kanda mkononi.

"Kesho wanakuja watu wa Adan," akaendelea Tausi. "Kipindi kinaisha saa kumi na moja. Ukitaka mama akuamini, akuone kikiwa kinaendelea. Na akishajua, mtaa mzima utajua. Kazi yaweza kuisha."

Salehe alirudisha kanda kwenye rafu. "Twende," akasema.

Walifika Ruiru saa kumi na nusu. Bi. Zahra alikuwa mlangoni akichambua mchele, na redio ya jirani iliunguruma kama kawaida.

"Mama, huyu ndiye Salehe," Tausi akasema.

"Salehe si huyo anazungumza?"

"Shikamoo, mama. Wimbo huu ukiisha, atasema anawashukuru wasikilizaji wa Mwihoko kwa barua zao."

Wimbo ukaisha, na sauti ikawashukuru wa Mwihoko. Jirani alitoa kichwa dirishani. Bi. Zahra akaweka ungo chini, akamkagua kijana kuanzia viatu mpaka nywele, huku yule wa Alhamisi akiendelea: "Niko hapa nawe, na sina haraka."

"Umemsikia mwenzako," mama akasema. "Yeye hana haraka. Na wewe je?"

"Mimi ninayo, mama. Nimechelewa wiki tano."

Bi. Zahra alimgeukia bintiye. "Mwambie jirani azime hiyo redio," akasema, "tuzungumze na aliyekuja."