Barua Zinazomsubiri Bawabu

Jioni ile nilifunga karakana mapema. Natengeneza mashine za fotokopi, na siku nzima nilikuwa nimepambana na moja iliyokuwa inatafuna karatasi kama ina kisasi na mwenyewe. Nilinawa mikono, nikatia flashi mfukoni, nikashika njia kwenda kwa dada yangu kabla giza halijaingia. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo tu. Kunakili barua za kikundi, kuaga, kurudi nyumbani kula.

Lakini njia nzima roho yangu haikutulia. Kuna mtu alikuwa anatuchezea shere, na mimi nilitaka kumjua.

Sisi ni kikundi cha watu tunaopenda kompyuta kuukuu. Jumamosi tunakutana kuzifufua, wake zetu wanatucheka. Siku nyingine tunaongea kwa orodha ya barua pepe: unaandika barua moja kwa anwani moja, inatufikia wote. Orodha hiyo aliianzisha shemeji yangu, mume wa dada, na dada mwenyewe alimwandikisha humo. Tulimwita Bawabu, kwa sababu hakuna barua iliyopita bila yeye kuisoma kwanza na kubonyeza "pitisha". Na hakukubali kubonyeza akiwa mbali. Ilikuwa lazima akae pale pale kwenye mashine yake, katika chumba cha uani, nyumbani kwake. Alikuwa mtu wa kuchunga. Alichunga barua, alichunga vifaa, alimchunga na dada yangu, ambaye hata akienda sokoni aliulizwa amepitia njia gani na amesalimiana na nani.

Bawabu alifariki mwaka juzi.

Barua zikaendelea kupita.

Hapo ndipo tulipofanya ujinga ambao sijui kama kuna watu wengine wangeuweza. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayebonyeza. Mfamasia, ambaye ni mwanachama wa siku nyingi, alidhani ni mimi, kwa kuwa marehemu alikuwa shemeji yangu. Mimi nilidhani ni yeye, kwa kuwa duka lake la dawa liko jirani na nyumba ile. Hatukuulizana. Nani anauliza kitu kinachokwenda vizuri?

Asubuhi ya siku ile niliyofunga karakana mapema, nilipita dukani kwake. Programu yetu ya zamani ilikuwa imechoka, nikaona tuhamie mpya, hata kama hakuna aliyejali. Niliwahi kuandika kuhusu kuhama, kimya. Nikanuna wiki nzima.

"Leo nakwenda kuhamisha kila kitu," nikamwambia. "Utapumzika kubonyeza."

Mfamasia aliacha kuhesabu vidonge. "Mimi? Si wewe, Fundi?"

"Mimi sijakanyaga kile chumba tangu mazishi."

Tukatazamana. Nilimwona anameza mate. Nikajiambia: huyu anaongopa. Bwana huyu hana mke, duka liko jirani, dada yangu mjane. Haihitaji elimu kubwa. Na hapo nikaona nimeelewa jambo jingine lililokuwa limeniuma muda mrefu. Baada ya matanga nilimwomba dada ahame ile nyumba, aje tukae naye. Alikataa. Alisema nyumba ya mumewe hainihusu. Tukagombana vibaya, na tangu hapo ikawa salamu za simu, za juu juu. Kumbe ana sababu ya kubaki, nikajisemea. Nilikasirika, siwezi kuficha.

Basi jioni ile nilipobisha, dada alifungua mlango nusu. Alikuwa amekonda hadi nikasahau hasira.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo umenikumbuka?"

"Nimekuja kuchukua barua za kikundi. Tunahama."

Alinifunika mdomo kwa kiganja. Macho yake yakaenda uani.

"Usilitaje hilo neno humu," akanong'ona.

Kisha nikasikia.

Tak. Tak-tak... tak.

Vidole kwenye kibodi. Taratibu, kama mtu anayesoma kabla ya kubonyeza.

"Kuna nani humo?" nikauliza. "Ni Mfamasia?"

Dada alinitazama kwa huruma. Akavua kamba shingoni. Kwenye kamba kulikuwa na ufunguo. "Haujawahi kutoka hapa," akasema. "Hata nikioga."

Nilivuka ua. Nilivyokaribia, sauti ikakoma. Nikafungua, nikasukuma mlango kwa nguvu ili nimkute huyo mtu kabla hajajificha.

Hapakuwa na mtu.

Dirisha lilikuwa na nondo, na utando wa buibui umezifunika zote. Mlango ni ule mmoja. Chumba kilinuka moshi wa risasi ya kuunganishia nyaya, ule moshi mkali unaokaa kooni, lakini pasi ya kuyeyushia ilikuwa juu ya rafu, baridi, ina vumbi. Mashine ilikuwa inawaka. Dada alisimama nje ya kizingiti, hakuingia. Nilivuta kiti, nikakaa.

Kiti kilikuwa na joto.

Nilitaka kusimama, lakini nikaona aibu mbele ya dada. Nikachomeka flashi, nikaanza kunakili: barua zote za miaka yote, orodha ya wanachama, mipangilio. Wakati inanakili nikafungua sehemu ambayo ni Bawabu tu aliyekuwa akiifungua. Foleni ya barua zilizozuiwa.

Ya kwanza ilikuwa ya Mfamasia. Alitushauri tuhamie programu mpya. Ya pili yake tena. Ya tatu ilikuwa yangu, ileile niliyonuna kwa ajili yake. Kila mtu aliyewahi kuandika neno "kuhama" barua yake ilikuwa imekwama pale. Tulikuwa tumenuniana bure.

Nikacheka kidogo. Kicheko cha woga.

Halafu nikaziona za dada.

"Ndugu zangu, naomba mje mchukue mashine ya kikundi. Nataka kuhama nyumba hii." Iliandikwa mwezi uleule wa matanga. Nyingine: "Nikiizima naikuta imewashwa. Naomba mtu mmoja tu aje." Nyingine, fupi: "Mdogo wangu, najua unasoma huku. Nisamehe kwa maneno yale. Njoo unitoe."

Machozi yalinitoka hapo hapo. Dada hakujua ninachokisoma.

"Kwa nini hukunipigia simu?" nikamuuliza.

"Nilikufukuza kwa mdomo wangu. Niliona aibu." Alikuwa ananong'ona bado. "Nikaandika. Nyote mkasoma, mkanyamaza. Nikasema basi, mmekubaliana niishie hapa."

"Hatukusoma hata moja, dada! Hazikufika!"

Niliirudia ile barua fupi. Nikabonyeza "pitisha".

Neno kwenye skrini likabadilika lenyewe. Zuia.

Nikabonyeza tena. Pitisha.

Zuia.

Mkono wangu ulikuwa hewani. Sikuwa nimegusa kitu. Vitufe vya kibodi vikashuka vyenyewe, kimoja kimoja, tak... tak... tak... na chini ya barua ya dada yangu maneno yakajiandika:

HAENDI POPOTE.

Nilichomoa flashi. Nikachomoa waya ukutani. Feni ya mashine iliendelea kuzunguka, waya nimeushika mkononi.

"Vaa viatu," nikamwambia dada.

"Nguo zangu..."

"Vaa viatu!"

Tulitoka mlango wa mbele mimi nikiwa nimemshika mkono, kama alivyokuwa akinishika yeye tukienda shule. Hakugeuka nyuma. Mimi niligeuka. Kandoni mwa nyumba, dirisha la uani lilikuwa na mwanga wa skrini.

Nyumbani mke wangu alimpokea kwa furaha. Alimwandalia chumba cha nyuma, akamshonea magauni mawili. Dada alilala, akala, akaanza hadi kumtania mke wangu kuhusu chai yake nyepesi. Mimi na Mfamasia tuliweka programu mpya kwenye mtambo wa kukodi ulioko mbali huko, tunaoufikia kwa mtandao. Niliingiza kila kitu kutoka kwenye flashi. Anwani ya marehemu niliifuta kwa mkono wangu. Na hatukutaka bawabu tena: ukiandika, barua inakwenda moja kwa moja. Wanachama walifurahi, wakaandikiana mambo ya miaka miwili kwa siku chache. Nilijiona mwanaume kweli. Dada yangu alikuwa huru, na mimi ndiye niliyemtoa.

Jumapili moja Mfamasia alikuja. Hakukaa.

"Fundi, tuongee hapa nje." Akashusha sauti. "Kwa nini unamfungia dada yako?"

"Nimfungie nini?"

"Amenipigia simu. Anasema ameandika kuwashukuru watu, hakuna aliyejibu. Ameandika anatafuta chumba cha kupanga, apate kujitegemea. Kimya. Mimi sijaona barua yake hata moja."

"Programu mpya haina foleni," nikasema. Nilicheka. "Tuliiondoa wote wawili."

Alinigeuzia simu yake. Ukurasa wa usimamizi ulikuwa wazi. Foleni ilikuwepo. Iliwekwa kwa mwanachama mmoja tu. Barua zake zilikuwa zimepangwa pale, na mbele ya kila moja, zuia, zuia, zuia. Jina la aliyezuia lilikuwa langu. Muda, kila siku, magharibi.

"Magharibi huwa naoga," nikamwambia.

"Huogi."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alifika saa ngapi.

"Magharibi unakaa mezani na ile kompyuta," akasema. "Nikikuita huitiki. Nilidhani ni kazi, nikakuacha."

Nilimwangalia nikitafuta dalili ya mzaha. Hakuwa na mzaha.

Mfamasia alijaribu kunisaidia, namshukuru. "Ulihamisha nini kutoka kule?"

"Kila kitu. Barua, wanachama, mipangilio."

"Basi labda ni mipangilio. Imekuja na sheria zake za zamani."

Labda. Hilo ndilo tunalowaambia wanachama. Lakini mipangilio haina vidole.

Dada alitoka ndani akiwa na magauni yake mawili kwenye mfuko. Alikuwa amesikia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja. Alinitazama vilevile alivyokuwa akikitazama kile chumba cha uani.

"Mdogo wangu," akasema, "ulinitoa kule na nashukuru. Sasa usinitafute."

Nilitaka kumshika mkono. Akarudi nyuma. Mke wangu akaingia katikati yetu, akamsindikiza hadi kwenye gari la Mfamasia. Mke wangu! Nilibaki uwanjani naita, "Dada, ni mimi! Ni mimi!" Hakuna aliyenijibu, na kusema kweli hata mimi sikuwa na hakika.

Orodha sasa anaishika Mfamasia. Nenosiri sina. Kompyuta ya nyumbani niliiuza. Anakoishi dada anakujua Mfamasia peke yake, na nasikia anaendelea vizuri, amepata kazi ya kushona.

Tatizo ni simu. Mfamasia anasema kila magharibi nampigia. Nauliza kwa upole dada yuko wapi, amepitia njia gani, amesalimiana na nani. Mimi sikumbuki. Kwenye simu yangu naziona namba nilizopiga, ndiyo maana naamini.

Kwa hiyo leo asubuhi, nikiwa na akili zangu, nilikwenda dukani. Nilishika kaunta kwa mikono yote miwili.

"Usiniambie aliko," nikamwomba. "Nikisema ni mgonjwa, usiniambie. Nikisema mama anamtaka, usiniambie. Hata nikilia."

"Ulilia jana," Mfamasia akanijibu, na akafunga dirisha la duka.