Safu ya Chini

King'ora cha shamba la mkonge kilipolia jioni, Wakio alimimina maji ya uvuguvugu kwenye karai na kumngojea dada yake mlangoni. Elsie alifanya kazi ya kuanika mkonge nje ya mji wa Voi. Nyuzi zilimchanachana vidole, na kila siku alirudi nywele zikiwa nyekundu kwa vumbi. Aliloweka mikono, akafumba macho, akasema, "Asante, mdogo wangu."

Elsie hakuzaliwa kuanika mkonge. Alikuwa mwerevu sana darasani, lakini baba yao aliyefanya kazi relini alipofariki, ilimbidi aache shule ili mdogo wake asome. Hakulalamika hata siku moja. Basi ofisi moja mjini ilipotangaza kwamba inatafuta karani wa kupiga taipu, na mtihani utafanyika baada ya mvua za masika, Elsie alikwenda nyumbani kwa Bi Tryphena, karani wa shule ya Wakio, kumwomba ushauri.

"Siku ya mtihani, herufi za mashine hufunikwa kitambaa," Bi Tryphena alimwambia. "Macho hayana kazi pale. Vidole ndivyo vinavyojua njia. Chora vibonyezo vya mashine kwenye kadibodi, kila herufi mahali pake, ufanye mazoezi nyumbani."

Lakini Elsie alikuwa akitoka kazini jioni, wakati ofisi ya shule imekwisha kufungwa. Akampa Wakio kadibodi na kalamu. "Ninakilie safu zote tatu. Ninakutegemea wewe tu."

Siku iliyofuata, baada ya masomo, Wakio aliketi mbele ya taipureta ya Bi Tryphena. Lo! Herufi zilikuwa zimetawanyika ovyo, A kule, B huku, kama kuku waliofukuzwa.

"Mbona hazifuati alfabeti?" akauliza.

"Aliyeitengeneza ndiye ajuaye," Bi Tryphena akacheka huku akipanga karatasi zake. "Wewe nakili kama ulivyoona."

Wakio alinakili safu ya juu. Akanakili ya katikati. Mara akasikia sauti ya rafiki yake Mkamburi dirishani: "Wakio! Wanachagua timu ya netiboli! Tunakuacha!" Basi akili yote ikahamia uwanjani. Alikunja kadibodi, akaaga, akatoka mbio.

Njiani kurudi nyumbani alikumbuka safu ya chini. Kurudi shuleni? Aa, miguu ilikuwa imechoka. Alihesabu herufi zilizobaki akazipanga zifuatane kama alivyofundishwa darasa la kwanza: B, C, M, N, V, X, Z. "Zote zipo," akajiambia. "Nani atajua?"

Tangu jioni ile, Elsie alitandaza kadibodi mezani kabla ya chakula, akafumba macho, na vidole vyake vyenye makovu vikaanza kutembea. Mama yao, Hannah, alisonga sima polepole ili asimkatize. "Mwanangu atakaa kwenye kiti," alisema, machozi yakimlengalenga. "Mkonge basi."

Siku moja Wakio alitumwa ofisini kuchukua chaki. Akaitupia jicho taipureta, akashtuka. Safu ya chini ilianza na Z! M ilikuwa mwisho kabisa. Hakuna herufi hata moja ya safu ile aliyoiweka mahali pake.

Alirudi nyumbani amekusudia kusema. Akamkuta Elsie akicheka. "Njoo uone, Wakio! Sasa vidole vinakwenda vyenyewe, sihitaji hata kufikiri." Wakio alikaa karibu naye akatazama vidole vikitembea. Nitasema kesho, alifikiri. Kesho ilipofika ikawa ngumu kuliko jana, na kesho yake ikawa ngumu zaidi. Mvua ilinyesha, ikakatika, naye bado hajasema neno.

Siku ya mtihani Elsie aliondoka amevaa gauni la kanisani. Alirudi mapema mno. Aliketi kitandani bila kuvua viatu.

"Nilipokaa, mashine ilikuwa tayari imefunikwa," alisema kwa sauti ndogo. "Nilipiga haraka kuliko wote. Nilijua nimefaulu. Kisha msimamizi akainua karatasi yangu, akauliza hii ni lugha ya wapi. Nilipoandika Mheshimiwa, ilitoka Cheshiciwa. Bwana ikawa Zwava. Watu wote wakacheka, Mama. Sikuweza hata kuitazama ile mashine. Nilitoka nje." Alijipiga kichwani kwa ngumi. "Hiki kichwa ni kibovu! Mimi ni wa mkonge tu. Sitajaribu tena."

Hapo Wakio hakuweza kuvumilia. Alianguka magotini. "Si kichwa chako, dada! Ni mimi. Safu ya chini sikuinakili. Niliitunga. Halafu nikajua nimekosea, nikanyamaza."

Elsie alimgeukia. "Ulijua?" akauliza. "Kila jioni ukiniangalia, ulijua?"

Hakumpiga. Hakumtukana. Alitoka nje akalilia nyuma ya nyumba, na kile kilio kilimuuma Wakio kuliko kiboko chochote.

Asubuhi Mama alimshika Wakio mkono wakaenda kwa Bi Tryphena. Bi Tryphena aliposikia yote, alikwenda mjini kuomba Elsie apewe nafasi nyingine, lakini kazi ilikuwa imekwisha kupata mtu. Alichoweza ni kumwombea ruhusa kwa mwalimu mkuu, Elsie atumie taipureta ya shule kila Jumapili baada ya ibada.

Vidole vilivyozoea njia mbaya ni vigumu kuvirudisha. Elsie alipiga, akakosea, akaanza upya. Wakio alijitolea kumsomea maneno, lakini Elsie alivuta karatasi. "Ngoja nijisomee mwenyewe." Wakio alikaa pembeni, machozi yakimdondoka. Dada aliyemtegemea yeye tu sasa hakumtegemea kwa lolote.

Miezi ikapita. Chama kimoja cha ushirika cha wakulima huko Mbololo kilitaka karani, na waombaji wapeleke ukurasa mmoja wa mfano. Elsie aliupiga vizuri, akauchomoa, akautazama. Kisha, polepole, akamnyooshea Wakio. "Soma. Niambie kama kuna kosa."

Wakio alisoma kila mstari. Karibu na mwisho aliona neno: cwanachama. C imekaa mahali pa M. Lilikuwa kosa lake mwenyewe, bado linaishi vidoleni mwa dada yake. Angesema ni sawa, Elsie angefurahi.

"Hapa, dada," akasema, akiweka kidole juu ya neno lile. "Umekosea. Samahani. Ni kwa sababu yangu."

Elsie alifumba macho, akapumua, akaweka karatasi mpya. Ukurasa ule wa pili ndio uliompatia kazi.

Jumapili ileile, walipokuwa wakifunga ofisi ya shule, Bi Tryphena alimshika Wakio bega. "Kukosea ni kwa kila mtu, mwanangu. Lakini wewe ulikosea siku moja, ukanyamaza kila siku, na dada yako ndiye aliyelipa. Ukiona umekosea, sema siku hiyohiyo."

"Nitasema, Bi Tryphena."

"Usiniahidi mimi," akajibu. "Mwahidi yeye."

Wakio aligeuka. Elsie alikuwa amesimama mlangoni, amemnyooshea mkono wake wenye makovu.