Namba Isiyo na Kichwa

Kitu cha kwanza alichokiona Nasra kilikuwa kidogo tu. Kila Dada Irene wa mapokezi alipotanguliza alama ya nyota, ile ya kuziba nafasi ya asichokijua, mbele ya anachotafuta, kioo cha kompyuta kilibaki cheupe. Alipoandika kwanza, kisha akamalizia na nyota, majina yalimiminika kama mchele gunia linapotoboka.

Nasra alikuwa amekaa na bibi yake benchi la mbele tangu saa moja asubuhi, kichwa cha mdogo wake Hamza kikiwa mapajani mwake. Kituo hicho cha afya kiko chini ya mlima, na watu wa juu wote huteremkia hapo wanapougua. Asubuhi zake hufanana. Unatoa kadi dirishani, Irene anatafuta faili lako kwenye kompyuta, kisha unaitwa kwa daktari. Mafaili ya karatasi yalikwisha kuingizwa humo tangu mwaka jana.

Mzee mmoja aliyekuja bila kadi alisema anaitwa Abdulatif. Irene akaandika "Abdu", akaweka nyota, na mzee akatokea mara moja. Kijana aliyefuata alikumbuka mwisho tu wa namba ya kadi yake. Irene akatanguliza nyota. Kioo cheupe. "Wewe ni mgeni hapa," Irene akamwambia, akamfungulia faili jipya.

Ikafika zamu yao. Hamza, mwenye miaka saba, alikuwa akihema haraka haraka, na kila pumzi ilizamisha mbavu zake.

"Shikamoo, bibi," Irene alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mtoto anatuponyoka huyu."

"Haendi popote, bibi. Nipe kadi."

Bibi akafunua karatasi iliyolegea kama jani lililochemshwa. Wino ulikuwa umetoka wote isipokuwa tarakimu nne za mwisho za namba yake: 4471.

"Hii kadi mliipikia mboga?" Irene alitania, na watu benchini wakacheka.

"Ni mvua," Bibi alisema. "Nyumba yetu inavuja."

Nasra akainamisha uso. Nyumba yao ilivuja kweli, lakini kadi haikuloweshwa na mvua. Nasra peke yake ndiye aliyelijua hilo.

Irene alitafuta jina la Hamza. Walikuwapo akina Hamza wengi, lakini hakuna wa kijijini kwao. Akaandika nyota, kisha 4471. Kioo cheupe.

"Hayupo. Huyu hajawahi kutibiwa hapa."

"Kazaliwa hapa!" Bibi alipaza sauti. "Na alipokuwa wa miaka miwili alilazwa hapa hapa. Akachomwa dawa, ikamkataa, akavimba mwili mzima!"

Sauti hiyo ilimtoa Daktari Ernest chumbani. Alimwangalia Hamza kifua, akamwekea kipimo, akakunja uso. "Ni nimonia, tena kali. Dawa gani ilimkataa, bibi?"

"Anayeijua ni mama yake. Yuko Dakawa, anawinga ndege kwenye mpunga wa watu. Tumempigia tangu jana, simu haipatikani."

"Irene, tafuta tena."

Irene akatafuta tena, vilevile kama mwanzo. Kioo cheupe.

Nasra alifungua kinywa. Alitaka kusema nyota imekaa pabaya. Lakini akisema, macho yote yangemgeukia, na mtu angeuliza kadi iliharibikaje. Akayameza maneno yakiwa yamefika ulimini.

Daktari Ernest alisubiri kidogo, kisha akatikisa kichwa. "Huenda ilikuwa hospitali nyingine, bibi, umesahau tu. Hapa kompyuta haina habari zake. Nikichelewa nitampoteza."

Wakamchoma sindano.

Hazikupita dakika tano. Midomo ya Hamza ilianza kuvimba, kisha kope, kisha shingo. Pumzi ikawa inapita kwa mluzi mwembamba, halafu mluzi nao ukakoma. "Eufrazia! Njoo upesi!" Daktari alimwita nesi, na mlango ukafungwa. Bibi aliketi chini sakafuni, mikono kichwani, wala hakulia. Nasra aliutazama mlango. Benchini hakuna aliyecheka tena.

Baada ya muda mrefu Daktari akatoka, shati limemganda mgongoni.

"Anapumua," alisema. "Lakini nimonia iko palepale. Dawa inayomkataa tumeijua kwa njia mbaya. Sasa naogopa kumpa nyingine nikiwa gizani. Safari ile alipona kwa dawa gani? Hilo liko kwenye faili, na faili halipo."

"Lipo," Nasra alisema.

"Nani kasema?"

Alisimama. "Lipo, Daktari. Dada Irene anatanguliza nyota. Ikitangulia, haileti mtu. Tangu asubuhi haijaleta hata mmoja."

Irene aligeuka. "Makubwa! Mimi nimefundishwa siku tatu mjini, wewe umefundishwa benchini? Tuliambiwa tuweke nyota mahali tusipopajua."

"Mwache aseme," Daktari alimkatiza.

"Namba za kadi zinaanza na nini, dada?" Nasra aliuliza.

Irene alirudisha vidole kwenye kompyuta. "Mwaka na mwezi wa kuandikishwa."

"Hamza alizaliwa hapa miaka saba iliyopita, mwezi wa nne. Andika huo mwaka na huo mwezi, halafu nyota iwe mwisho. Tarakimu nne za mwisho tutazitafuta kwa macho."

Irene aliandika. Majina yakamiminika, zaidi ya mia mbili. Nasra akasogea hadi kiooni, akateremka na kidole mstari kwa mstari, akisoma mikia ya namba. Kwenye ukurasa wa tatu kidole kikasimama: 4471. Jina: Mtoto wa Pili.

"Pili ndiye mama yetu," Nasra alisema.

"Aliandikishwa siku aliyozaliwa, kabla hajapewa jina," Irene alisema polepole. "Hatukubadilisha hata alipolazwa."

Ndani ya faili, kwa maandishi mekundu, ilikuwapo dawa iliyomkataa. Chini yake ilikuwapo ile iliyomponya. Daktari aliisoma mara mbili, akarudi chumbani mbio.

Kufikia alasiri mbavu za Hamza ziliacha kuzama. Uso bado ulikuwa kama wa mtu aliyevamiwa na nyuki, na jicho moja halikufunguka. Daktari Ernest alikuja kusimama kando ya kitanda pamoja na Irene.

"Kompyuta haikusema mtoto hayupo," alimwambia Irene. "Ilisema haikumwona kwa njia tuliyomtafutia. Imepanga kila kitu kuanzia mwanzo wake, kama kamusi. Nani anaweza kutafuta neno kwenye kamusi akiwa anajua herufi za mwisho tu? Lakini kosa kubwa ni langu. Nilikiamini kioo cheupe nikampuuza bibi aliyemlea mtoto."

Kisha akamgeukia Nasra. "Uliliona lini jambo hili, mwanangu?"

"Asubuhi."

"Kabla ya sindano?"

Nasra aliitikia kwa kichwa. Daktari hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi.

"Basi lishike leo, wakati mdogo wako bado yupo. Ukijua jambo linaloweza kumwokoa mtu, liseme, hata kama sauti inatetemeka, hata kama utachekwa. Aibu huisha. Aliyekufa harudi."

Mchana simu ya mama yao ilipatikana hatimaye, na jioni akafika, matope ya majaruba yamemkaukia miguuni. Aliugusa uso wa Hamza kwa ncha za vidole, kana kwamba anaogopa utapasuka. Wakamweleza yote. Akaiokota kadi juu ya kimeza, akaigeuza.

"Mimi niliiacha nzima. Imekuwaje?"

"Mvua, mwanangu," Bibi alisema. "Si unajua paa letu."

Mama akaitikia kwa kichwa, akaanza kuikunja.

"Si mvua, mama," Nasra alisema. "Nilifua kanga yako mtoni bila kufungua fundo. Kadi ilikuwa ndani. Nikaianika juani, nikairudisha mahali pake, nikanyamaza."